Maswali ya Chiku kuhusu Simu ya Nyumbani

Jamani, kama hujawahi kufanya kazi na mtu wa maswali, usiniambie habari ya uvumilivu. Mimi Faustina nimekuwa nesi miaka mingi, nimezalisha wanawake kwa mwanga wa tochi, nimegombana na madereva wa malori ya mbao waliolewa, na hakuna aliyewahi kunichosha kama Chiku, karani wa takwimu wa zahanati yetu hapa nje kidogo ya Mafinga.

Chiku ni mtoto wa Iringa mjini, mama yake anauza vitenge sokoni. Akishakuamkia asubuhi, ujue yameanza. Kwa nini dawa ya minyoo ni ya njano? Kwa nini wazee wa Kihehe wakisema "kamwene" salamu haziishi mpaka foleni isimame? Ukimwambia ndivyo ilivyo, anakuuliza nani aliamua iwe hivyo. "Chiku," namwambia, "kuuliza si ujinga, sawa, lakini kuuliza kila kitu ni ugonjwa!" Anacheka, halafu anauliza kingine.

Mwaka jana tukaletewa programu ya kuwakumbusha wagonjwa. Unaandika jina, namba ya simu na siku ya kurudi. Siku ikikaribia, programu inamtumia mgonjwa ujumbe. Asipofika, jina lake linatokea kwenye kompyuta kwa rangi nyekundu, nasi tunamfuata kwake. Niliipenda, maana nilikuwa na Matilda kichwani. Matilda ni mke wa Shedrack, kijana aliyekwenda Makongolosi kutafuta dhahabu akamwacha kwa mama mkwe. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia ikiwa na miezi minane, kwa sababu ya presha. Hii ya pili nikamwambia lazima nimpime mara kwa mara, presha ikipanda tu anakwenda hospitali. "Usihangaike na tarehe," nikamwambia. "Ujumbe ukija, na wewe uje." Nikamwingiza kwenye programu kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa Chiku akaja kuambiwa kwamba programu hiyo ni huria, yaani imetengenezwa na watu wa kujitolea waliosambaa dunia nzima, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa. Basi, kazi ikaisha! Nilimkuta mkono mmoja una chapati, mwingine unachokonoa matumbo ya programu.

"Sista, mbona nikiingiza watu wapya jumla haipandi inavyotakiwa?"

"Chiku, foleni imefika nje."

"Lakini sista, hao wengine wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kwao! Ita mgonjwa anayefuata."

Aliita. Lakini jioni akanunua bando kwa hela yake, akawaandikia watengenezaji kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Na aliandika kama mtoto aliyelelewa: akawasalimu wote, akawauliza hali za familia zao, akaeleza kuwa huku Mafinga kuna baridi na ukungu, ndipo chini kabisa akaweka swali lake. Mkubwa mmoja wa huko akamjibu mstari mmoja tu: programu iko sawa, namba moja ni mtu mmoja, swali limefungwa. Alaa! Hata salamu hakuitikia. Nilikasirika kuliko Chiku mwenyewe. "Umeona sasa? Umejitakia. Achana nao."

Wapi! Akawarudia: kwa nini namba moja iwe mtu mmoja? Ndipo akajitokeza jamaa mmoja wa Nepal, jina lake Prakash, naye kumbe ni Chiku mwingine wa kiume. Aliitikia salamu, akasema kwao milimani pia kuna baridi, kisha akaanza. Huko kwenu watu wangapi wanatumia simu moja? Chiku akamweleza habari ya simu ya nyumbani, ambayo huku kila mtu anaijua: simu ya kitochi, inakaa kabatini kwa mama mwenye nyumba, na wote walio chini ya paa hilo wakiulizwa namba wanatoa hiyo hiyo. Jamaa akazidi. Ujumbe ukiingia anausoma nani? Mama akienda shamba anaishika nani? Mkamwana akiitaka anaiomba vipi? Na Chiku akawa ananiletea mimi maswali hayo, katikati ya chanjo, watoto wanalia! Nikapandwa na hasira. "Mwambie huyo Mnepali atengeneze programu, aache umbea wa makabati ya watu!"

Siku ya pili yake akaja na swali jingine la Prakash. Safari hii alilisoma polepole, bila kucheka. "Mtu wa pili akiandikishwa kwa namba ile ile, mnajuaje kama yule wa kwanza bado anapata ujumbe?"

Nilifungua mdomo nimfukuze. Papo hapo nikamkumbuka Mama Shedrack, mama mkwe wa Matilda. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuja kuandikishwa dawa za presha yake, nikamwuliza namba, akanijibu, "Andika ile ya nyumbani, ile ile ya mkamwana wangu." Nami nikaandika.

Chiku akajaribu pale pale kwa majina ya uongo. Akaingiza mmoja, akaingiza wa pili kwa namba hiyo hiyo. Yule wa kwanza akafutika kimya kimya, wala hakuna rangi nyekundu. Ee Mungu wangu! Ndiyo maana Matilda hakutokea kwenye wasiofika, na mimi nikadhani anapimwa na mwenzangu siku ambazo siko zamu.

Tulipakiana mishikaki kwenye bodaboda moja, tukaenda na utelezi wote ule. Tulimkuta Matilda jikoni, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, anasema anaona maruweruwe. Nikampima. Presha ilikuwa juu mno, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Siku hiyo hiyo alifanyiwa upasuaji Mafinga, mwenyewe ni mzima, na mtoto yupo, wa kike, mdogo lakini analia kwa kudai haki yake. Wale wa jukwaani nao wameirekebisha programu. Yule mkubwa wa mstari mmoja safari hii ameandika mistari miwili, anamshukuru Chiku kwa kutonyamaza. Na Prakash anauliza mtoto amepewa jina gani na limetoka kwa nani. Hawa watu hawachoki!

Lakini linalonikera, linaloninyima raha mpaka leo, si la jukwaani. Ni la pale jikoni, tulipokuwa tunasubiri gari. Kwa ile hofu nilimgombeza Matilda. "Ujumbe umekatika mwezi mzima! Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka kuja, sista," akasema. "Mama mkwe akanikataza. Alisema Sista Faustina ni mkunga mzuri sana, ila usimwulize kitu, atakufokea."