Kabla ya Kufuta, Uliza Uko Wapi

Juzi nilikuwa katika ofisi moja ya Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, inayotafuta jamaa za watoto waliopotezana nao vitani. Kompyuta yao haina picha. Ni kioo cheusi unachokiandikia amri. Ilikuwa imejaa, na karani mpya alikuwa ameshaandika amri ya kufuta, akaongeza nyota, maana yake vyote.

Mama anayemfundisha kazi, ambaye wote humwita Maman, akafunika kwa kiganja kitufe cha kutekeleza amri.

"Papa," akamwita karani kwa heshima, "ngoja. Hii mashine haiulizake mara mbili. Andika kwanza pwd, ikuambie uko wapi."

Karani akaiondoa ile amri, akaandika pwd. Kumbe alikuwa ndani ya orodha ya watoto.

"Ungefuta batoto ba nani?" maman akauliza polepole.

Vitani nimeona wakubwa wakitoa amri nzito zaidi bila kuuliza wako wapi. Nikamkabidhi maman karatasi yenye jina la mtoto wa dada yangu. Akatafuta. Lilikuwamo katika orodha ile ile.