Ndizi Mahali pa Tini

Juzi niliona tini kavu katika duka moja hapa Gisenyi, nikatoka bila kununua kitu.

Kila Idi mama mdogo alivuka mpaka kutoka Goma akituletea tini za keki. Alasiri ya Idi moja, nikiwa mtoto, hakuja. Mama alipokea simu, kisha akaanza kukata ndizi kavu na kuziloweka katika chai ya mdalasini huku machozi yakimtoka. Nilidhani analilia tini. Nikaonja kipande ili nimfariji.

“Mama, ndizi iko tamu kupita tini! Mama mudogo abakie tu kule Goma.”

“Amebakia, mutoto wangu.”

Kesho yake walimzika bila sisi, maana mpaka ulikuwa umefungwa. Mama hajawahi kunikumbusha maneno yangu. Afadhali angenichapa.