Mama Miayo na Mkono wa Bibi

Kazini walimwita Mama Miayo, naye alicheka nao, maana jina lenyewe lilimkaa. Alikuwa nesi wa wodi ya wanawake, mtu wa mikono myepesi. Wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana, mpaka kichwa kikawa hakijui tena saa ya kulala ni ipi. Alitia chumvi kwenye chai. Alimfokea mwanawe kwa kuangusha kijiko, kisha akambembeleza huku machozi yakimlenga. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa kitako.

"Wiki za usiku si unashinda nyumbani?" mumewe, fundi seremala, alimwuliza. "Lala basi, mke wangu."

Angelalaje? Kila akivuta shuka, hodi. "Daktari wetu, nipime presha tu, sikuweki." Huyu akitoka, yule anaingia na mtoto wa kikohozi. Lakini ukweli aliujua mwenyewe: hilo neno daktari lilimkuna. Hakuna aliyemlazimisha kufungua mlango.

Basi alasiri moja, zamu ya mchana, alikaa kando ya kitanda cha bibi mmoja mwembamba aliyetundikiwa dripu, akamshika mkono kuhesabu mapigo. Alipofumbua macho chupa ilikuwa tupu, na damu ya bibi imepanda kwenye mpira wa dripu, imeganda. Bibi alikuwa akimtazama, mkono kautuliza tuli.

"Bibi, mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa unakoroma, mjukuu wangu. Nikaona nikijitikisa utashtuka."

"Na hii damu hukuiona?"

"Niliiona. Nikasema ni yangu, si ya mtu."

Ikabidi sindano itolewe, utafutwe mshipa mwingine, na mishipa ya bibi ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mama Miayo akamwita mwenzake. Wakamchoma hapa, wakamchoma pale, mkono ukavimba. Bibi aliuma midomo tu.

"Msimseme huyu," alimwambia yule mwenzake. "Mimi ndiye niliyechezea mpira."

Uongo ule ulimwumiza Mama Miayo kuliko matusi.

"Dripu kuisha mbona kawaida," mwenzake alimnong'oneza. "Nyamaza, yatapita."

Hakunyamaza. Alimfuata nesi mkuu, mwanamke asiyecheka ovyo. "Nililala. Nimemshika mgonjwa mkono, nikalala."

"Ukiwa zamu ya usiku, mchana nyumbani unalala saa ngapi?"

"Watu wanapiga hodi, nami nafungua."

"Nenda kapumzike siku mbili. Ukinirudia na macho hayo, wodi hii utaisikia kwa wenzako tu."

Kesho yake adhuhuri alifunga mlango kwa komeo, akapanda kitandani. Haikupita muda.

"Hodi. Daktari wetu, upo? Mtoto hajaacha kukohoa tangu asubuhi."

Alijifunika mto usoni.

"Yumo," sauti nyingine ikasema. "Viatu vyake si hivi?"

"Basi ni maringo. Siku hizi amekuwa mkubwa."

Mtoto akakohoa, kikohozi kikavu. Mguu mmoja wa Mama Miayo ulikuwa umeshagusa sakafu. Akauacha hapo kidogo, kisha akaurudisha shukani, akauma ncha ya mto na kusikiliza kikohozi kile kikishuka na njia mpaka kikapotea. Zahanati haiko mbali, alijiambia. Haiko mbali hata kidogo. Usingizi ulimchukua akiwa bado anajiambia hivyo.