Farasi wa Kija na Ng'ombe wa Masele

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Hapana, nimekosea, ilikuwa tisini na tano, maana viwanda vya minofu vilikuwa vimeshajaa kandokando ya ziwa na sisi wa Kirumba tumeshazoea kula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki. Wageni wa viwanda hivyo walikuja na mambo yao. Mmoja, mama wa Kizungu, alifuga farasi kule Kiseke, na mimi nilikuwa nampelekea majani kwa mkokoteni.

Huko ndiko nilikomjua Kija, binti wa mzee Mihayo wa Buhongwa. Aliajiriwa kufagia banda, akaishia juu ya farasi. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amesimama. Yule mama akamfundisha mchezo wao wa siku tatu: ya kwanza farasi anatembezwa kwa madaha mbele ya waamuzi, ya pili anakimbizwa porini akiruka magogo na mitaro, ya tatu anaruka miti iliyopangwa, asiangushe hata mmoja. Wakaenda Nairobi, Kija akawa wa tatu, akaalikwa Harare kushindana na watu wa nchi nyingi.

Kabla hajaenda, mkataba wa yule mama ukaisha. Farasi anauzwa, na mnunuzi wa Arusha yuko njiani. Bila farasi hakuna Harare.

Kija akaenda kumwomba baba yake ng'ombe wauzwe, anunue farasi. Shida, ng'ombe wale walishatengwa kuwa mahari ya kaka yake, Masele. Mzee akataka kwanza amwone huyo mnyama. Tukampeleka farasi Buhongwa. Mzee akamzunguka, akainama, akachungulia chini ya tumbo kama afanyavyo mnadani.

"Huyu ni maksai," akasema. "Maksai wangu wanalima. Huyu hazai, hakamuliwi, haliwi. Basi alime."

Masele akacheka, akaleta plau. Farasi kusikia minyororo nyuma ya miguu, akakata kamba, akatoka mbio langoni hadi barabara ya Shinyanga. Malori yakamtisha, akasimama anatetemeka. Kija akamfuata, akampanda bila tandiko. Lakini hakupitia langoni. Alimgeuza, wakaja moja kwa moja kwenye ua wa minyaa, wakauruka, wakatua uani katikati ya kuku.

Mzee akasema ng'ombe wapelekwe mnadani.

"Na mimi, baba, nioe kwa mahari gani? Kwa plau?"

"Wewe utangoja, Masele. Dada yako hawezi kungoja, si unamwona."

Basi farasi akanunuliwa, Kija akaenda naye Harare, akafanya vizuri, akaitwa Afrika Kusini, kisha Uingereza, akipanda farasi wa matajiri, leo banda hili, kesho lile. Masele alingoja mpaka mchumba wake, Gladness, akaolewa Magu na mtu mwingine.

Tisini na tisa Kija akaja kuwasalimia, mikono mitupu. Usiku hakai kitandani, mchana hakai kwenye kigoda. Siku ya nne akafunga begi. Masele ndiye aliyembebea mpaka stendi, nami nikawasindikiza. Nikamuuliza Kija jambo moja, akauliza kama basi limechelewa. Baadaye nikamuuliza Masele, akatazama barabara. Wala sikuwa na ubaya, nilitaka kujua tu: yule farasi yuko kwa nani sasa?