Miezi Saba Nikilifuata Lori la Mramba

Mwaka wa 1966, kwenye njia ya vumbi inayotoka bandarini Gazi, kulikuwa na lori likipita kila siku na kuacha alama za matairi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeliona.

Alama nilikuwa naziona mimi. Nilikuwa nachuchumaa na kuzigusa kwa vidole.

Naitwa Boga. Nina miaka themanini na mbili, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hivyo mtanivumilia. Na kabla hamjasema mzee ameanza kuropokwa, someni mpaka mwisho.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nawaona humu vijana wenye malori mnalia bei za mizigo zimekufa, na kila mmoja anaficha anacholipwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Chai nikipewa nainusa kwanza. Marehemu mke wangu Mwanasha alikuwa akiniambia, "Wewe Boga ungekuwa mbwa, ungejibwekea mwenyewe."

Nilikuwa nikikasirika. Baadaye mtaona alikuwa na haki.

Wakati huo nilikuwa na Bedford langu mwenyewe, kuukuu, la tani tano. Dereva mimi, mwenye mali mimi. Kulipata niliuza minazi yote aliyoniachia baba kule Tiwi, hata ule wa mlangoni.

Kabla ya hapo nilikuwa mkata boriti. Kazi ya kuzama kwenye matope ya mikoko mpaka kiunoni, mbu wakikula, na jioni unapewa kitu cha kununua unga tu.

Lori ndilo lililonitoa matopeni. Likienda, narudi matopeni, na mnazi wa kushika sina tena.

Basi nikawa nabeba boriti kutoka Gazi mpaka Likoni. Hoteli za Diani zilikuwa zimeanza kujengwa, Mombasa nako watu wanajenga, kazi ilikuwa tele.

Aliyekuwa akigawa mizigo ni wakala mmoja, Kavumbi, mwenye yadi pale Likoni. Mtu mpole huyo. Ukifika anakukalisha, anakumiminia kahawa, anakuuliza hali ya nyumbani mpaka ya kuku.

Alinianzia shilingi sitini kwa safari. Ilikuwa bei ya haki. Natia dizeli, naweka ya matairi, na nyumbani tunakula samaki.

Wenye malori upande wetu tulikuwa watatu tu. Mimi, Mwinga wa Ukunda, na Mramba wa Msambweni.

Huyo Mramba nilikuwa nimekutana naye mara moja, kwenye foleni ya feri, sote tukivuka kwenda kutafuta spea. Tulikaa pale saa tatu nzima. Tulinunua mihogo ya kukaanga, tukazungumza habari za breki, za mvua, za mama yake Mramba, Bi Mbodze, aliyekuwa mgonjwa.

Akanionyesha tairi lake la nyuma. Lilikuwa limepasuliwa na jiwe, naye akalitia kiraka cha kipande cha tairi jingine na kukikaza kwa bolti nne. Likipita vumbini, vichwa vya zile bolti vinaacha vidoti vinne, kama mguu wa paka. Tulicheka sana.

Saa tatu, tukasema yote. Kitu kimoja hatukuulizana: Kavumbi akupa ngapi?

Kwetu mtu haulizi hivyo. Ni utovu wa adabu, na tena watu wana macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga kitambaa cheusi chini ya bampa kwa kuogopa kijicho. Sasa nitamtajia mtu ninachopata?

Kavumbi alilijua hilo vizuri kabisa.

Siku moja akanivutia pembeni. Akasema, "Boga, mwenzako Mramba amekuja na hamsini. Mimi sitaki kukupoteza, ndiyo maana nakwambia. Lakini yabaki baina yetu, unawajua watu wetu na kijicho."

Mramba yule yule, aliyekula mihogo yangu.

Nikachukua kwa hamsini.

Baada ya wiki chache, Mramba, ati, kashuka tena. Arobaini na tano. Nami nikashuka.

Mwezi wa tatu zikaja habari kwamba Bi Mbodze amefariki. Mwanasha alikuwa na mimba ya miezi minane, safari ya Msambweni hakuiweza. Akaniambia, "Nenda wewe, Boga. Ni mama wa mwenzako."

Nikamwambia siendi. Nile wali wa matanga wa mtu anayenila mimi?



Haikupita wiki, tairi langu likapasuka karibu na Tiwi. Jipya sikuwa na uwezo nalo. Kavumbi akanihurumia, akasema analo moja kuukuu lakini zima, nitakatwa kidogo kidogo. Watu wake wakanifungia pale pale yadini, mimi niko ofisini nanyweshwa kahawa.

Kwa wasiojua malori, matairi ya nyuma huwa mawili mawili kila upande. La ndani hulioni ila ulale chini. Nilikuwa nalipima kwa kuligonga chuma na kusikiliza mlio. Likilia sawa, naondoka.

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipoziona alama.

Asubuhi, njia ya Gazi, vidoti vinne vumbini. Kisha hatua kadhaa, vinne tena. Mguu wa paka.

Nikasema, haa. Ndiyo kusema Mramba amenitangulia.

Kutoka siku hiyo sikupata raha. Nikienda safari ya kwanza, nakuta alama zake za jana. Nikirudi kuchukua safari ya pili, nazikuta mbichi kabisa, hata upepo haujazigusa. Nikawa najisemea, mtu huyu yuko mbele yangu kidogo tu. Nakanyaga mafuta. Simpati.

Mvua ikinyesha, alama hakuna. Nasema mjanja huyu, amezifuta.

Niliwauliza wapakiaji wa Gazi. Wakasema Mramba hawamwoni. Nikaamini amewahonga.

Nikapoteza siku nzima ya kazi nimekaa njia panda ya Ukunda, naangalia barabara. Walipita ng'ombe, wakapita watu wa harusi, likapita lori la Mwinga, siku hizo akimbebea Kavumbi mchanga. Mramba hakupita. Kesho yake Kavumbi akaniambia, bila haya, kwamba Mramba jana alileta safari mbili.

Nikawaza uganga. Wallahi niliwaza. Mtu anayepita barabara moja na wewe, humwoni, na alama anaacha?

Bei ikafika arobaini. Ikafika thelathini na tano. Mwanasha alijifungua mtoto wa kike, na siku ya arobaini akauza vipuli vyake nipate dizeli. Alinipa zile pesa bila kuniangalia usoni. Hilo liliniuma kuliko chochote.

Miezi saba nilikwenda hivyo.

Mwisho Kavumbi mwenyewe akaja na dawa. Akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba biashara ya malori haina baraka tena, yeye yuko tayari kuninunulia hilo Bedford kabla halijanifia. Jumamosi nije na karatasi za lori, nitie kidole gumba.

Bei aliyotaja haikufika hata nusu ya minazi ya baba. Nikakubali. Mtu akichoka hukubali.

Lakini Ijumaa, baada ya sala, nikajiambia siwezi kuuza kabla sijamwangalia Mramba machoni. Nikatia spana kubwa ya magurudumu chini ya kiti, nikashika njia ya Msambweni.

Sikuwa nakwenda kumsalimu.

Nyumba nilionyeshwa na watu. Nikaegesha nje, nikashuka na spana yangu mkononi, nikazunguka uani.

Lori la Mramba lilikuwa juu ya mawe.

Halikuwa na tairi hata moja. Majani yalikuwa yameota mpaka kwenye radieta, na kwenye kiti cha dereva kulikuwa na kuku anaatamia mayai.

Mramba akatoka ndani, amekonda. Akaiona spana. Hakurudi nyuma.

"Mama nilimzika, hukuja," akasema. "Lori limekufa, ndiyo umekuja. Basi tazama ushibe."

Nikamuuliza halijatembea tangu lini.

"Tangu mwezi wa tatu. Tangu ulipomwambia Kavumbi utabeba kwa thelathini."

"Mimi?"

"Wewe Boga. Aliniambia kwa kinywa chake, akanikanya nisikuulize."

Ubishi haukuniisha. Nikamwambia ni mwongo, alama zake naziona Gazi kila siku, za asubuhi na za mchana, bolti nne, na leo pia nimeziona.

Mramba akanitazama, kisha akalitazama lori langu pale nje. Akatoka. Akalizunguka nyuma, akalala chini mchangani na kanzu yake ya Ijumaa.



"Boga," akaniita, sauti imeshuka. "Njoo ulale hapa."

Nikalala. Akakwangua tope kavu kwa kidole.

Tairi la ndani. Kiraka. Bolti moja, mbili, tatu, nne.

"Kavumbi alilinunua kwangu," akasema. "Nilimuuzia nipate sanda ya mama."

Enyi watu, nililia. Mtu mzima, nimelala chini ya lori langu, nalia kwa sauti mpaka mke wa Mramba akatoka akidhani tumeumizana.

Miezi saba nilikuwa nachuchumaa mbele ya lori kutazama alama, na sikuwahi hata siku moja kugeuka nikatazama zinazotoka nyuma yake. Nilikuwa nafukuzana na mimi mwenyewe. Kila nilipoambiwa Mramba kashuka, aliyekuwa akishuka ni mimi, na naye Mramba alikuwa ameshushwa kwa jina langu mpaka akauza tairi moja moja.

Nilimwomba radhi. Alivuta mkeka, akamwambia mkewe alete chai, na ile chai sikuinusa.

Jioni hiyo tukaenda pamoja Ukunda kwa Mwinga. Baada ya salamu nikamuuliza waziwazi, "Kavumbi akupa ngapi?"

Mwinga alishtuka kama nimemvua nguo. Akatazama mlango. Mramba akamwambia zake, mimi nikamwambia zangu. Hapo ndipo Mwinga akasema: thelathini, kwa sababu aliambiwa sisi wawili tunabeba kwa thelathini na mbili.

Jumamosi nikaingia kwa Kavumbi. Alikuwa ameandaa karatasi, wino wa kidole gumba, na kahawa. Akanikaribisha vizuri sana, akaanza kuuliza hali ya mtoto.

Nyuma yangu akaingia Mramba.

Kavumbi alisahau anachouliza. Kikombe alichokuwa ananimiminia kikafurika mpaka mezani.

Nikamwambia, "Boriti ni shilingi sitini na tano kwa safari. Lori lolote."

Alijaribu kucheka. Akasema sisi tunajisumbua, yuko Mwinga, ni mtu mwelewa, atabeba kwa thelathini na atashukuru.

Mramba akafungua dirisha. "Mwinga yuko kwenye lori pale nje," akasema. "Mwite umuulize."

Hakumwita.

Alitunyima kazi siku tisa. Zile siku tisa nilikula mihogo mikavu, sitawadanganya. Lakini boriti zilirundikana Gazi, mafundi wa Diani wakawa wanamjia juu, na malori mengine hayakuwapo. Siku ya kumi alituma mtu. Sitini na tano.

Kwa safari zetu mimi na Mwinga tulimnunulia Mramba matairi, naye akarudi barabarani kabla ya mwaka kwisha. Lile la bolti nne nilikuwa nimelifungua siku ile ile ya Ijumaa, nikaliviringisha mpaka uani kwake.

Vipuli vya Mwanasha sikuvipata tena, vilikuwa vimeshauzwa mbali. Nilimnunulia vingine. Akavivaa, akasema ni vizito kuliko vya kwanza, halafu akanikumbusha ile habari ya mbwa.

Basi vijana, wosia wangu ni huu. Wakala akikwambia mwenzako amechukua kwa nusu, usishuke. Washa gari, nenda kwa mwenzako, mpe salamu, halafu umuulize analipwa ngapi. Mimi mpaka leo nikikutana na dereva namuuliza hivyo, na wajukuu wangu wanaona aibu.

Lakini shilingi si kitu kinachoniamsha usingizini. Ni matanga ya Bi Mbodze.

Mramba aliniambia baadaye kwamba siku ile ya maziko lori lilikuwa pale pale uani. Upande mmoja umekaa juu ya jiwe, tairi limeshatolewa, na watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka kando yake wakila.

Kila aliyekuja kumzika yule mama aliliona. Mimi tu ndiye sikwenda.