Nilimzuia mama anayenyonyesha kuondoka mezani, mama yake akakaa kuchambua mchele badala yake

Wakuu, salaam. Leo najianika mwenyewe, na chumvi siongezi.

Kosa langu la mwanzo: nilidhani haki ya uzazi inaisha siku mama anaporudi kazini.

Mimi ni supervisor kwenye mashine ya mpunga hapa Mpanda. Cheti sina. Kompyuta, hesabu za stoo, madaraja ya mchele, vyote nimejifundisha kwa simu. Ndiyo maana naogopa sana kukosea, watu wasije wakasema "si yule ambaye hakusoma".

Basi nikaweka sheria: kinamama wanaochambua mawe kwenye mchele, hakuna kunyanyuka mezani mpaka gunia lifungwe.

(Msinicheke. Jiwe moja mteja analikumbuka mwaka mzima.)

Mama Neema akarudi kutoka likizo ya uzazi. Mama yake mzazi alikuja kutoka Usevya kumsaidia kulea, akawa anakaa na mtoto nje ya geti, mbali na vumbi la pumba.

Siku ya kwanza tu, mtoto akalia. Mama Neema akaomba akanyonyeshe.

Nikamjibu, "Likizo si imeisha? Subiri gunia lifungwe."

Akainama, akaendelea. Kitenge kikaanza kulowa kifuani. Niliona, nikageuza macho.

"Bosi, mchele haulii!" mwenzake mmoja akarusha dongo. Wakacheka wote, isipokuwa yeye.

Ndipo yule bibi wa mtoto akaingia naye.

"Mwache akanyonyeshe, bosi. Nafasi yake nakaa mimi. Usimfukuze."

Wakuu, nilikubali! Tena nikajiona nina busara.

Ikawa ndiyo utaratibu. Mtoto akilia, bibi anakaa mezani, uso karibu uguse ungo maana macho hayaoni vizuri. Siku moja nikakagua ungo wake, nikakuta jiwe. Nikamwonyesha mbele ya watu.

Akalipokea kiganjani.

"Asante, mjukuu wangu. Mimi macho yameisha. Wewe je, masikio?"

Safari hii hakucheka mtu.

Jioni nikashika simu, ile ile iliyonifundisha kila kitu. Kumbe sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Sikuwahi kutafuta. Namna ya kuondoa mawe nilitafuta sana.

Niliwaomba msamaha wote wawili. Bibi akasema yameisha. Mama Neema akasema "sawa bosi", akaendelea kuchambua. Hiyo "sawa" inaniuma mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naogopa kuonekana sijasoma, wakati ujinga wenyewe ulikuwa kwenye sheria yangu.

Nyie mnaosimamia watu, na nyie kinamama mliorudi kazini, huko kwenu ikoje? Nichaneni tu, nimestahili.

Kwa sasa mtoto akilia Mama Neema anatoka, haombi ruhusa. Ofisi yangu haiingii vumbi, ananyonyeshea humo. Bibi hakai tena mezani.

Gunia linasubiri.