Siye Ndio Tulianza Kusema Majina

Ile asubuhi naikumbuka bado, mwanangu, hata baridi yake naikumbuka. Ilikuwa hapa Bunia, wakati wa vita, na mimi nilikuwa mwalimu kijana ku masomo ya wasichana, ndiyo shule yao. Nilikuwa mwembamba, usicheke! Leo umeniambia weye ndiye shefu wa kalasi, kiongozi wa wenzako, na kesho watoto wa kambi ya wakimbizi wanaingia kwenu. Basi uache hiyo telefone, ukae, nikuambie namna watoto wangu walipokea mugeni. Naringa juu yao mpaka leo, na sitaki mutu anikataze kuringa.

Masomo yetu yalikuwa na desturi yake. Mutoto mupya alisimama asubuhi mbele ya bendera, wenzake wote kwa mistari, akajibu maulizo matatu kwa sauti. Jina lako nani? Baba yako ni nani? Unatoka wapi? Kisha tulimupigia makofi, akaingia kalasi. Mama Direktrisi, mukubwa wetu, aliipenda ile desturi sana. Alikuwa mwanamuke wa haki, lakini mukali, weee! Fimbo yake haikupiga mutoto hata siku moja, lakini ukiisikia inagonga simenti ya baraza unakumbuka zambi zako zote. Na wakati wa amani desturi ile ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Mutoto alisikia jina lake linapigiwa makofi, akajiona mutu.

Ndipo akaja Alfonsina. Tate yake, ndiye mama wa baba yake, alimuleta kwa miguu kutoka kambi, na dada yake mudogo mugongoni. Kijiji chao, kule upande wa Djugu, kilikuwa kimechomwa. Alfonsina alivaa shati nyeupe ya kuazima na jipi ya bulu, sketi iliyomupita kiuno, wakaifunga na kamba. Wiki ile zamu ya bendera ilikuwa yangu. Nikamuuliza jina lake. Kimya. Nikauliza tena, polepole, na lile la baba, na lile la kijiji. Mutoto aliangalia chini, na mara ile jipi ikaanza kulowa.

Kuna mumoja alicheka. Namujua, leo ni mama wa watu, nitamuachia. Lakini Esperansi, binti wa fundi wa kinga, ndiyo baiskeli, mutoto wa maneno mengi ambaye kila siku nilimunyamazisha, alitoka ku mustari bila ruhusa. Akavua triko yake, sweta ya baridi, akamufunga Alfonsina kiunoni, akamushika mukono wakaenda kunawa.

Mama Direktrisi akasema kutoka baraza, "Asiyejitambulisha hajaingia masomo yangu. Kesho atasema, ao atarudi kwa tate yake."

Haikuwa neno dogo, mwanangu. Wasichana wa kambi wasiosoma walitumwa kutafuta kuni porini, na wengine porini hawakurudi. Tate mwenyewe alinishika mukono ku mulango. "Madamu," akaniambia, "mukimukatala hapa, mimi sina tena fasi ya kumuficha." Ile kiti ya kalasi ndiyo ilikuwa uzima wa yule mutoto.

Wakati wa kupumuzika, Esperansi alikata andazi lake katikati, wakakula na Alfonsina nyuma ya nyumba. Alfonsina akamunongonezea yake, kisha Esperansi akanikimbilia.

"Madamu, yale maulizo yetu iko mubaya."

"Mubaya namna gani?"

"Ndiyo hayo waliuliza baba yake ku bariere. Jina, baba, kijiji, vile vile. Akajibu, wakamutoa pembeni. Alfonsina alikuwa pale anaangalia."

Weye haukujua bariere za wakati ule, na Mungu asikuonyeshe. Wenye bunduki walifunga njia kwa kamba, na jina la kijiji chako lilitosha kukuponya ao kukuua, kufuatana na nani ameshika kamba siku ile. Na siye, watu wa masomo, na chaki zetu na bendera yetu, tulikuwa tumemusimamisha mutoto tena palepale.

Nikamufuata Mama Direktrisi ndani ya biro, ofisi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, na machozi nikayaona kwake, lakini hakugeuza neno lake. "Madamu, sikia vizuri," akasema. "Siku tutaanza kuficha fasi tunatoka, vita itakuwa imeingia hata humu. Mimi nataka watoto hawa waseme majina yao bila woga." Nikamujibu, "Atayasema je bila woga, Mama, na yeye ndiye peke yake anaulizwa?" Akaniambia tu, "Tutaona kesho."

Kesho yake Alfonsina alisimama tena mbele ya bendera, na ile triko ya Esperansi bado kiunoni. Tate alikuwa ku mulango na mutoto mudogo mugongoni, mufuko wao chini, tayari kuondoka naye. Nilifungua kinywa na sauti haikutoka.

Ikatoka ya Esperansi. Alikuja mbele, akasimama karibu na Alfonsina, akaangalia wenzake. "Mimi naitwa Esperansi. Baba yangu anatengeneza kinga ku soko. Siye tunatoka Mahagi."

Mwengine akatoka. "Mimi Dorkasi. Baba yangu alikufa. Natoka Djugu."

"Mimi Jistina. Baba yangu anachunga ngombe. Natoka Irumu."

Unaelewa, mwanangu? Dorkasi na Jistina, watu wa kwao walikuwa wanauana wiki ileile, na wao wamesimama bega kwa bega, wanajitaja mbele ya watu wote. Na bado wakatoka wengine, wengine, mpaka mistari ikavunjika. Walikuwa wameelewana ku bomba ya maji, na mwalimu wao sikujua kitu. Nililia pale mbele ya watoto, bila haya. Ni mimi niliwafundisha kusoma, lakini lile hawakulitoa kwangu.

Fimbo ikagonga simenti. Mama Direktrisi akashuka baraza, akafika, akaniambia, "Shika," nikashika fimbo yake. Akaingia katikati ya watoto.

"Mimi naitwa Bernadeta," akasema. "Baba yangu alikuwa muvuvi kule Kasenyi. Alipenda pombe kidogo."

Bernadeta! Miaka yote ile hakuna mutu alikuwa amesikia lile jina. Watoto walicheka, na yeye akacheka, na ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake. Kisha akainama kwa Alfonsina. "Siye tumemaliza. Weye hatukuulizi kitu."

Mutoto akaangalia tate yake. Akaangalia wale wenzake. "Alfonsina," akasema. Hakusema baba, hakusema kijiji.

"Inatosha," Mama Direktrisi akasema. "Mumupigie makofi!" Tate akabeba mufuko wake, akarudi kambi na yule mudogo. Alfonsina akabaki.

Baadaye walikuja wageni wengine, wamekimbia kutoka njia ya Komanda. Sikuuliza kitu, maana desturi ilikuwa imegeuka. Na unajua nani alitoka wa kwanza ku mustari? "Mimi naitwa Alfonsina," akawaambia. "Baba yangu aliitwa Petero, alijua kuimba. Natoka Djugu." Alisema kwa sauti, na hakuangalia chini.

Basi, mwanangu, kesho usimuulize mugeni hata kitu kimoja. Anza weye. Sema jina lako, sema wa kwenu, na usogee ku kiti umupe fasi, kabla mwalimu hajakutuma. Kijiji chake kitatoka chenyewe siku yake, na kisipotoka, muache. Akicheka mutu, muangalie vizuri mpaka anyamaze. Na usingoje siye wakubwa tukuonyeshe, maana siku nyingine tunakawia.

Mungu akupe miguu ya kutoka wa kwanza, na yule mutoto wa kesho akute jina lako linamungojea ku mulango. Sasa enda ulale. Na triko usiisahau.